Maelekezo kwa Mgeni wa Chumba Namba Saba

Jana, ufunguo mkononi, uliniuliza:
"Hapa watu wanakula nini?"
Nikakujibu upesi: "Kuna hoteli Capri Point,
wana kuku, wana chipsi, wana leso za karatasi."
Usiku sikulala vizuri.
Aibu ile si yangu, nilifundishwa.
Leo nairudisha kwa wenyewe.

Basi anza mapema, mawe hayajashika joto.
Teremka Kirumba mpaka Mwaloni,
usimwulize mtu njia, fuata pua.
Dagaa wamekaa magunia kwa magunia
wakimeta kama chenji iliyokosa mfuko.
Usiwadharau kwa udogo:
hawa ndio walioninunulia viatu vya shule,
kisha daftari, kisha viatu vingine.

Mwanamke mwenye kovu la mafuta shavuni
ni Nyamisana. Mwambie Holo wa gesti kakutuma.
Atakupa uji wa mtama, mchachu, kikombe cha bati,
na sahani ya michembe na karanga.
Onja kwanza, ndipo uombe sukari.
Viazi hivyo vilikatwa vibichi
vikaanikwa juu ya mwamba hadi vikalia vikigusana.
Mawe haya mnayopiga picha
sisi kwetu yalikuwa uchanja.

Saa saba, sato.
Usiagize kipande, samaki si kitambaa.
Aje mzima, na macho yake, mjuane.
Wageni huacha kichwa;
mama ntilie hukifunika kwa sahani
akitabasamu: huo ndio mlo wake wa jioni.
Wewe kile. Atakununia kidogo,
halafu atakuuliza jina.

Na ukikuta mifupa ya sangara ikikaangwa,
nyama imebaki ukingoni kama pindo la kanga,
usigeuze uso.
Minofu ilipanda ndege.
Haya yalibaki nasi,
tukayatia ndimu na pilipili,
tukayapa jina: mapanki.
Yaliyo na jina huliwa kwa heshima.

Jioni pita Makoroboi, taratibu,
kuna muhogo wa kuchoma uliopasuliwa tumbo
ukajazwa chumvi na pilipili.
Kijana atakufungia kwenye karatasi ya mtihani wa mtu.
Soma huku unakula. Mimi niliwahi kupata
Jiografia, alama thelathini na moja,
na muhogo mtamu kuliko alama zote.

Meli ya Bukoba ikitia nanga, na ni Novemba,
ulizia senene.
Utasema ni panzi. Sawa, ni panzi,
wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe
na hawamdai mtu.

Furu sitakuelekeza.
Mama aliwapika na nyanya chungu,
wadogo, wengi, wa rangi ambazo sijui kuzitaja,
na sisi tulinung'unika: furu tena!
Siku hizi nikimwona mmoja kwenye beseni
nasimama kama niliyesahau nilichotumwa.
Ziko ladha ambazo hata mwenyeji
ni mgeni kwazo.

Lakini nisikuharibie matembezi.
Ukipewa chakula, sema wabeja,
hata ukikosea mkazo watakuongeza mchuzi.

Wanasema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Gesti haina shamba.
Siku ya tatu zunguka huku nyuma,
pita kamba ya mashuka, ingia jikoni:
nitakupa mwiko.
Ugali wa udaga ni mzito, unashindana na mtu,
na bega langu la kulia siku hizi linanijibu vibaya.
Vua saa yako. Songa.
Nikisema bado, ni bado.

Maji ya kunawa yako kwenye birika la bluu.
Leso za karatasi hatuna.